Koti Namba Kumi na Saba

Mtu anayefanya kazi kando ya maporomoko haogopi kelele. Amezizoea kama mgonjwa wa pumu anavyozoea kifua chake. Kinachomtisha ni kusemeshwa taratibu, na akasikia.

Fundi alisemeshwa taratibu siku ya Jumamosi, saa tano asubuhi, kwenye dirisha la kibanda cha makoti.

Kibanda chenyewe ni cha mbao, kipo mwisho wa ngazi mia mbili na kitu, pale wageni wa hifadhi wanaposhuka kuyaona maporomoko kwa karibu. Maji yanaanguka kutoka juu sana, yakifika chini yanarudi juu yakiwa moshi, na moshi huo haujui bosi wala hohehahe, unamlowanisha kila mtu mpaka nguo ya ndani. Kwa hiyo mgeni anaonyesha tiketi, anapewa koti la mvua la manjano, anakwenda ukingoni penye vyuma vya kushikilia, anapiga picha, anapiga mayowe, anarudi, anavua. Makoti ni ishirini na nne. Kila moja lina kofia shingoni, namba mgongoni na vifungo sita mbele, vikubwa kama vizibo vya chupa. Vikikatika, Fundi anavishona. Ndiyo maana akaitwa Fundi, na ndiyo maana mkasi humning'inia shingoni kwa kamba mchana kutwa.

Mlio wa yale maji hauna mapumziko wala sikukuu. Wafanyakazi wote wa hifadhi huongea kwa kupayuka. Mume wa Fundi, dereva wa gari la hifadhi, alikuwa amepayuka miaka kumi na miwili mpaka akasahau namna nyingine ya kuongea. Walimwita Spika. Hata nyumbani, hata kitandani, Spika hutangaza. Mara ngapi jirani alimkuta Fundi bombani asubuhi akamwambia, "Pole na mgongo, shoga. Tumesikia wote."

Basi Jumamosi hiyo walishuka wauguzi wastaafu, wote wanawake, wamevaa fulana za rangi moja na viatu visivyofaa. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mnene ambaye Mungu alimpa sauti ya kuzimia taa.

"Tupo ishirini na tatu!" akapayuka dirishani. "Usinihesabie upya! Nimezalisha nusu ya nchi hii, vichwa najua kuhesabu!"

"Haya, mama! Pokeeni mmoja mmoja!"

Fundi akatoa la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika namba kumi na saba, koti likakataa kutoka kwenye kigingi. Alilivuta, likawa zito kama mtu mzima anayekataa kuamshwa. Akaliacha, akaendelea na kumi na nane. La ishirini na nne likamwenea yule wa mwisho. Hesabu ikakaa sawa: wanawake ishirini na watatu, makoti ishirini na matatu, na namba kumi na saba peke yake ukutani.

Akainama kuandika kwenye daftari.

"Naomba la kumi na saba," mtu akasema.

Bila kuinua kichwa, Fundi akanyoosha mkono nyuma. Safari hii koti likaja jepesi, lenyewe. Akalipitisha dirishani, likapokelewa. Akaandika tarakimu moja na saba, ndipo kalamu ikamsimama mkononi.

Ile sauti haikupayuka. Ilisema kama mtu anavyosema kwenye mto wa kulalia. Na yeye alisikia kila neno, na yale maji yako hatua arobaini tu.

Akatoa kichwa nje. Wauguzi walikuwa wameshaingia kwenye moshi wa maji, migongo ya manjano imepangana kama bata. Wa mwisho kabisa, nyuma ya wote, alikuwa namba kumi na saba. Kofia juu. Hakuwa na viatu visivyofaa. Fundi hakuona viatu kabisa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana hadithi isiyo na chanzo ni umbea.

Kabla ya Fundi, kibanda kile kilikuwa cha mama yake. Miaka arobaini mama alitoa makoti na kuyapokea, mpaka goti likamgomea akabaki nyumbani, katika nyumba za wafanyakazi juu ya ngazi. Alipomkabidhi binti yake funguo, alimpa sharti moja. Makoti yatundikwe wazi. Usifunge hata kifungo kimoja. Koti likitundikwa, liwe limefunguka kama mlango wa msibani, kila mtu aone ndani hamna kitu.

"Kwa nini?" Fundi alikuwa ameuliza.

"Kwa sababu nimesema. Ulipokuwa mdogo nilikwambia moto unaunguza, uliniuliza kwa nini?"

"Niliushika."

"Basi usilishike hili."

Fundi alifuata sharti miaka mitano. Kisha akaletwa Mhifadhi Mkuu mpya, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, aliyependa kila kitu kiwe na mstari. Alisimama mlangoni mwa kibanda akakunja uso. "Yanaonekana kama mitumba ya jioni. Nataka kila koti lifungwe vifungo vyote, kofia juu, yatazame mbele. Wageni wanapiga picha." Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hawakusema wakuu wakiwa wawili umsikilize yupi. Fundi alimsikiliza anayesaini mshahara. Mama hakuambiwa, goti lake lilikuwa limempunguzia habari.

Kwa majuma matatu, kila jioni, Fundi alifunga vifungo mia moja arobaini na vinne. Vidole vilimuuma, kisha vikazoea, kisha vikawa vinafunga vyenyewe. Akikaa mezani anajikuta anafunga kola ya shati la mumewe. Na kila asubuhi alikuta jambo dogo. Siku moja makoti yamelowana kwa ndani, na nje makavu. Siku nyingine kofia zote zimegeukia dirisha. Juzi, namba kumi na saba lilikuwa na joto kwapani. Akasema ni jua. Jua halifiki kule tangu dunia iumbwe, lakini mtu akitaka kujidanganya hakosi vifaa.

Wauguzi wakarudi saa sita wanacheka, wamelowana, mmoja amepoteza meno ya bandia na hajali. Wakavua. Fundi akahesabu makoti ishirini na matatu.

"Mama! Mmoja wenu hajarudi! Mwenye kumi na saba!"

Yule kiongozi akawageukia wenzake, akawagusa kichwa mmoja mmoja. "Ishirini na tatu! Wote hawa hapa! Huyo wa kwako simjui!"

Wakapanda zao ngazi. Sheria ya hifadhi ni fupi: koti lisiporudi, mtu hajarudi, na mtu asiporudi hutafutwa. Fundi akachukua redio ya mkononi akamwita mumewe.

Spika alishuka ngazi mbili mbili. "NANI TENA AMEKWENDA KUJISAIDIA VICHAKANI?"

"Punguza sauti, mume wangu! Kuna mtu amebaki na koti!"

"NIPUNGUZE ILI NANI ASISIKIE? MAJI?" Akacheka, akamfinya shavu, akashika njia ya ukingoni. Fundi akamsikia anaita, "WEWE WA KOTI! TOKA HUKO, HIFADHI INAFUNGWA SAA KUMI NA MBILI, NA MIMI NINA MKE!" Akamsikia mara ya pili, mbali kidogo. Mara ya tatu hakumsikia.

Akayatundika makoti, mikono inafunga vifungo yenyewe, macho yako nje. Koti lake mwenyewe la kazi, la bluu, lilikuwa wazi kama kawaida. Hapo tu alikuwa bado anafuata sharti la mama.

Spika akatokea kwenye moshi wa maji. Anatembea polepole. Amevaa namba kumi na saba, vifungo sita vyote, kofia juu. Kadiri alivyokaribia, mlio wa maporomoko ulipungua, ukapungua, kama vile kuna mtu anafunga mlango mmoja baada ya mwingine, na alipofika dirishani pakawa kimya, kimya cha ndani ya mtungi, na Fundi akasikia moyo wake mwenyewe na mbao za kibanda zikilia. Maji yalikuwa yakianguka vilevile. Aliyaona. Hakuyasikia.

"Hakuna mtu," Spika akasema. "Koti lilikuwa limetundikwa kwenye chuma."

Alisema taratibu.

"Mbona umelivaa?" Fundi akauliza, na kwa mara ya kwanza mahali pale naye hakupayuka.

"Lilikuwa na joto."

Ikamjia harufu ya jiwe lililokaa chini ya maji bila kuona mtu, na majani yaliyooza juu yake.

"Livue, mume wangu. Nilitundike."

"Kuna baridi."

Akaingia ndani, akaketi kwenye kigoda chini ya makoti yaliyotundikwa. Maji yakaanza kutoka chini yake. Hayakudondoka kutoka kwenye koti. Yalitoka tu, yakasambaa sakafuni bila haraka, yakafika kwenye kandambili za Fundi. Akamsogelea, akanyoosha mkono kwenye kifungo cha juu. Baridi ikampanda mpaka begani. Chini ya kofia, uso ulikuwa wa mumewe, lakini macho yalikuwa mbali nyuma yake, kama mtu aliyesimama dirishani katika nyumba ya pili.

Fundi akatoka mbio.

Akashika ngazi. Alizijua zile ngazi kama meno yake: ya thelathini imevunjika pembeni, ya sitini ina kutu kwenye chuma, ya mia moja na kumi ina benchi. Akapanda, moshi wa maji umejaa, akapita iliyovunjika, akapita yenye kutu, akapita benchi, mapaja yanawaka, akaona mwanga, akajua ndipo juu, ndipo maegesho na watu na gari la mumewe, akaruka ngazi ya mwisho, akaanguka kwa magoti mbele ya kibanda cha makoti. Akageuka akapanda tena, safari hii anazihesabu kwa sauti, na sauti haitoki, na kila alipohesabu moja alisikia mtu mwingine akihesabu naye, taratibu, sikioni, bila kukosea, thelathini, sitini, mia na kumi, mia mbili, na mlango wa kibanda ukawa mbele yake uko wazi, na mumewe yuko kwenye kigoda vilevile, na makoti yote ishirini na matatu, aliyoyatundika yakitazama mbele, sasa yamemgeukia yeye.

Akabonyeza redio. "Njooni! Yeyote! Njooni kibandani!"

Redio ikakwaruza. Kisha ikajibu kwa sauti ya Spika ile mpya, "Tumeshakuja."

Hapo akakaa chini nje ya mlango, kwenye maji, akashika kichwa. Asiulizwe alikaa muda gani. Aliyefungiwa hana saa.

Kilichomwinua ni fimbo, ikimchoma ubavuni.

"Simama. Unakaa kwenye maji kama bata mgonjwa."

Mama yake. Bibi wa miaka sabini, goti limefungwa kitambaa, amelowa jasho na moshi.

"Mama! Umepitaje? Ngazi zinarudi!"

"Kushuka hazikatazi mtu. Kutoka ndiko kuna kazi." Akahema. "Nilikuwa nachambua mchele. Maji yakanyamaza. Miaka arobaini nimelala na ule mlio, na kimya kile nimekisikia mara moja tu kabla ya leo. Nikaacha mchele." Akachungulia ndani. Akayaona makoti, vifungo vyote, kofia juu. Akamgeukia binti yake. "Nani kayafunga?"

"Mkuu aliagiza..."

"Nimeuliza mikono ya nani."

"Yangu, Mama."

"Nilijua. Mikono yako tangu utotoni haitulii." Hakumkaripia zaidi ya hapo, na hilo ndilo lililomtisha Fundi kuliko karipio. "Sikiliza, na usinikatize. Nyuma ya yale maji pana uwazi, na kwenye uwazi pana mwenyewe. Ana kila kitu isipokuwa mwili. Nguo iliyofungwa, kwake, ni chumba. Ukiiacha wazi anachungulia, anapita. Ukiifunga umemkaribisha. Akishakaa humo anangoja mtu avae, mtu akivaa wanakuwa wawili katika chumba cha mmoja, na mwenye chumba ndiye anayesukumwa nje. Anasukumwa kule. Nyuma ya maji."

Fundi akaona tena yale macho ya mbali. "Atarudi? Mama, mume wangu atarudi?"

"Kabla siku ya tatu haijaisha, akifunguliwa vifungo ukingoni, atarudi. Na mikono iliyofunga ndiyo ifungue. Yangu haifai, ya mganga haifai, ya mkuu wako mwenye viatu haifai. Ulifunga kuanzia juu, utafungua kuanzia chini. Utasemeshwa. Usijibu. Na huo mkasi wako usiuguse. Chumba kikifunguliwa, mpangaji anatoka kwa mlango anarudi kwake. Kikibomolewa, anaingia kilicho karibu."

"Uliwahi kuona?"

"Tulikuwa wasichana wawili kibandani hapa. Mmoja alivaa, mwingine akakata kwa kisu. Aliyevaa akapona."

"Na aliyekata?"

"Tunapoteza muda. Mshike mumeo mkono. Na hilo koti lako liache wazi, hata ukilowa mpaka mifupa."

Spika alikubali kushikwa. Mkono wake ulikuwa laini, baridi, mtiifu, na Fundi aliyemjua mume mbishi kuliko punda akatamani angekataa. Wakafika ukingoni. Maji yalianguka mbele yao kwa urefu wote ule bila sauti, meupe, na upepo wake ukawapiga usoni. Koti la bluu la Fundi likapepea, likamfunika macho, likampiga mdomoni. Akalishusha. Mikono ikafanya iliyozoea kufanya. Hata hakuona.

Akapiga magoti, akashika kifungo cha chini kabisa. Baridi ikamkata. Kikafunguka.

"Fundi wangu," Spika akasema kwa upole, "unaniumiza."

Cha pili.

"Mbona unanifungua mbele ya mama mkwe? Huna haya?"

Ilikuwa mzaha wa mumewe kabisa, na kidogo acheke, na kucheka ni nusu ya kujibu. Akauma ulimi. Cha tatu.

"Kazi nzuri," ikasema sauti ya Mhifadhi Mkuu. "Yanapendeza kwenye picha."

Cha nne. Hapo ikatoka sauti ya msichana ambayo Fundi hakuijua, changa, yenye kikohozi kidogo. "Mdogo wangu," ikasema. "Umezeeka. Nani anakusuka nywele siku hizi?"

Nyuma yake fimbo ikaanguka kwenye mawe. Fundi akageuka. Mama yake alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili na anatikisa kichwa, anatikisa kichwa, na hakujibu.

Cha tano kikafunguka kimya.

Cha sita, cha kooni, kikagoma. Uzi ulikuwa umevimba, tundu limejifunga kama jicho la mtoto anayejifanya amelala. Fundi akakisukuma, akakizungusha, ukucha ukang'oka. Akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu mchana akamwona mumewe. Yeye mwenyewe, karibu, nyuma ya ngozi yake. Macho yamemtoka. Midomo imekuwa ya zambarau, maji yanamtoka puani, kola inamkaza, na anajaribu kupayuka. Yule mtu aliyetangaza miaka kumi na miwili alikuwa anajaribu kupayuka jina lake, na hakitoki kitu isipokuwa maji.

"Endelea nacho!" mama akasema. "Kitalegea!"

"Anakufa, Mama!"

"Usikate! Nakwambia usikate, mwanangu!"

Mtu mwenye mkasi shingoni na mume anayezama mbele yake, mwambie asikate. Mwambie wewe. Mimi sina maneno hayo.

Akakata.

Maporomoko yakarudi na mlio wake wote kwa mpigo, kama gari la mawe linalomwaga. Spika akaanguka kifudifudi, akatapika maji mara tatu, akavuta pumzi. "MAMA YANGU WEE!" akapayuka. "NANI KANIFUNGIA GIZANI? KULE KUNA WATU!" Fundi akamkumbatia, akalia, akamwacha apayuke. Namba kumi na saba likateleza kwenye vyuma, tupu, limepasuka kooni, likazunguka mara moja hewani, maji yakalimeza.

Wakangoja. Hakikutokea kitu. Moshi wa maji ukapungua, ngazi zikaonekana mpaka juu, na jua la saa kumi likapiga kwenye kioo cha gari la hifadhi kule maegesho.

"Nendeni," Fundi akasema. "Nifunge dirisha, nakuja."

Spika akapanda kwanza, anayumba, anaitukana kila ngazi. Mama alikuwa anaokota fimbo yake. Fundi akaingia kibandani, akaanza kuyafungua yale makoti mengine, moja baada ya jingine, mpaka yote ishirini na matatu yakawa wazi. Akahisi baridi, akahisi joto juu ya baridi. Akafunga dirisha. Akatoka mlangoni akamtazama mumewe, aliyekuwa ameshafika karibu na ngazi ya mwisho, mdogo kama kuku.

"Nisubiri, Spika," akasema. "Twende wote nyumbani."

Kule juu, Spika akasimama. Akageuka taratibu, akashika sikio lake, kama mtu aliyenong'onezwa na aliye nyuma ya bega lake.

Mama naye alikuwa amesimama, hatua kumi kutoka mlangoni, na maji yakinguruma kati yao.

"Rudia," akasema.

"Nimesema twende nyumbani, Mama."

Fundi aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka. Laini. Nzuri. Aliisikia kutoka mbali, kama anayesikiliza redio ya jirani. Akajaribu kupayuka. Alivuta pumzi kifua kizima, akapayuka kwa nguvu zake zote, na kinywa chake, kule mbele, kikatabasamu.

Mama akaja. Hakukimbia, goti halikumruhusu. Akamtazama kifuani. Koti la bluu lilikuwa wazi lote, isipokuwa kooni. Pale kifungo kimoja kilikuwa kimefungwa, vizuri, kimenyooka, kama anavyopenda Mhifadhi Mkuu.

"Upepo ulikupiga," mama akasema. "Ukafunga kimoja."

Hakulia. Wanaolia ni wale wasioijua njia. Akalaza fimbo chini, akaketi kizingitini, akamvuta binti yake akaketi naye, akamshika mikono yote miwili.

"Dada yangu alikuwa amejifunga shuka shingoni, fundo moja tu," akasema. "Alinitoa mimi kwenye koti, akaniuliza kama nina njaa. Kwa sauti nzuri hivyo hivyo. Siku ya tatu alishuka mwenyewe akaingia majini. Sikujua kwamba fundo lingefunguka kama angelifungua yeye. Nimelijua nikiwa na mvi. Miaka arobaini nimetoa makoti hapa nikimsikiliza." Akavuta pumzi. "Mikono iliyofunga ndiyo ifungue. Mikono ni yako. Mimi naishika tu. Unanisikia huko uliko?"

Nyuma ya maji, gizani, kwenye watu, Fundi akasema ndiyo. Alisema ndiyo mpaka koo likapasuka.

Mama akakinyanyua kile kiganja, akakiweka juu ya kifungo, akakiachia. "Kidole kimoja, mwanangu. Nitumie kidole kimoja. Tuna siku tatu, na mimi sina pa kwenda."

Spika alikuwa anashuka ngazi mbio, anaita jina la mkewe kwa sauti yote aliyopewa. Mama hakugeuka. Alikuwa anatazama kidole cha shahada.

Kikatetemeka. Kikanyanyuka. Fundi, kule aliko, alikuwa anakisukuma kwa roho yake nzima.

Kikashuka taratibu, kikapita kifungo cha kwanza, kikafika cha pili. Kikakifunga.